Kigugumizi cha Heshima: Somo la Kuhutubia Vyuoni na Mwanafunzi Atokaye Ukanda wa Ngara

Tumchukue mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekulia Bisibo, katika ukanda wa Ngara na Biharamulo mkoani Kagera. Nyumbani kwao wanasema Kihangaza au Kishubi, shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, na tangu kidato cha kwanza madaftari yake yamejaa Kiingereza. Wiki ya sita ya muhula anaitwa mbele ya ukumbi kutoa hotuba ya dakika tano. Macho yako sakafuni. Sauti iko chini. Sentensi ya kwanza anaianza mara tatu, na anaomba radhi kabla hajasema lolote la kuombewa radhi. Mhadhiri, aliyeketi mstari wa mbele na fomu ya kusahihishia, anaandika: kutazama hadhira, 1 kati ya 5, sauti, 2, kujiamini, 1. Jioni ya siku hiyo, kwenye vimbweta vya hosteli, kijana huyohuyo anaongoza ubishi juu ya kuchelewa kwa bumu, yaani fedha ya kujikimu, kwa muda wa nusu saa, kwa mifano, kejeli na mahesabu, wala hakuna anayethubutu kumkatiza.

Kijana huyu nimemuunda mwenyewe, ila sidhani kama yupo aliyewahi kufundisha Stadi za Mawasiliano katika chuo chochote nchini ambaye hajakutana naye. Swali ni jinsi ya kumweleza. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba ana hofu ya hadhira, na dawa yake ni mazoezi. Ninachodai hapa ni kwamba maelezo hayo yanaona nusu tu ya jambo. Kile ambacho fomu inakihesabu kuwa upungufu, kwa sehemu kubwa ni adabu ya usemi ambayo kijana amefundishwa kwa miaka mingi, na ameitumia mahali ambapo kwa mujibu wa adabu hiyo ilistahili kutumika: mbele ya mkubwa. Somo la utangulizi halitamfaa mpaka liijue adabu hiyo, liitaje kwa jina, kisha limfundishe wakati gani aiweke kando.

Ushahidi bora wa jambo hili umekuwapo kwa zaidi ya miaka 60 katika nchi ya jirani. Mwanaanthropolojia Ethel Albert alifanya utafiti Burundi katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 1964 jarida la American Anthropologist likachapisha makala yake kuhusu balagha, mantiki na ushairi katika nchi hiyo. Anaeleza kwamba vijana wa kiume wa tabaka la juu walianza kufunzwa kusema wakiwa na umri wa miaka kumi hivi: namna ya kuomba kitu kwa mkubwa, namna ya kushukuru, namna ya kujitetea ukishtakiwa, namna ya kusema msibani. Barazani, mkubwa ndiye huanza. Mdogo akitaka kumpinga huanza kwa kumkubali, akakiri kwamba mzee ameona mengi na amesema kweli, kisha taratibu akaisogeza hoja mpaka ikafika upande wa pili kabisa. Asiyejua utaratibu huo angedhani hapakuwa na mabishano.

Sehemu ya makala hiyo inayotuhusu zaidi ni ile ya mkulima. Albert aliona kwamba mkulima anayesema mbele ya mtawala au mtu wa tabaka la juu alitarajiwa aonekane hajui kusema. Maneno yanamkwama au yanamiminika ovyo, mikono inarushwa bila mpango, mafumbo hayakai sawa. Mtu huyohuyo akiwa na wenzake, au akiketi katika baraza la kusuluhisha, alisema kwa utulivu na kwa ufasaha mkubwa. Kwa hiyo kigugumizi kilikuwa sehemu ya balagha yake. Kusema vizuri mno mbele ya mkubwa ni kumshindania ukubwa wake, na mwerevu hashindani mahali ambapo ushindi utamgharimu.

Wahangaza si Warundi, na Ngara ya leo si Burundi ya mwaka 1955. Hata hivyo Kihangaza na Kirundi vinaelewana kwa karibu sana, na Bugufi, mojawapo ya himaya mbili zilizokuja kuunda Ngara pamoja na Bushubi, ilikuwa na mafungamano ya kale na utawala wa Burundi kabla wakoloni hawajachora mpaka. Si lazima pia tudai kwamba kila kijana wa Bisibo amefunzwa rasmi. Inatosha kwamba amehudhuria posa, matanga na mikutano ya kijiji. Ameona nani anaanza, nani anasubiri, nani anainamisha uso. Na kwamba alipowahi kujibu haraka mbele ya wazee aliambiwa ana mdomo. Hiyo ndiyo silabasi aliyokuja nayo chuoni, na aliifaulu.

Tuangalie sasa silabasi anayoikuta. Somo la kuhutubia kama tunavyolijua vyuoni lilipata umbo lake Marekani. Mwaka 1912 Dale Carnegie alianza kufundisha watu wazima katika jengo la YMCA mjini New York, wengi wao wafanyabiashara waliotaka kusema bila kutetemeka. Miaka miwili baadaye, mwaka 1914, walimu 17 wa vyuo walijitenga na chama cha walimu wa Kiingereza wakaunda chama chao cha walimu wa kuhutubia, na kutoka hapo likakua somo zima lenye vitabu vyake. Kitabu cha Stephen Lucas kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1983 kimesomwa dunia nzima. Ni kazi nzuri na sina nia ya kuibeza. Mgawanyo wa utangulizi, kiini na hitimisho, sisitizo la ushahidi, tabia ya kujiuliza hadhira inajua nini tayari: haya yanamfaa mtu wa popote. Lakini nyuma ya kurasa hizo yupo msemaji wa aina fulani. Ni raia anayesimama mbele ya raia wenzake, aliye sawa nao, ambaye kuwatazama machoni ni ishara ya ukweli na kujishusha ni dalili ya udhaifu. Kitabu hakimtaji, kwa kuwa kwa mwandishi wake mtu huyo ni mtu yeyote tu.

Hata vipimo vya hofu vimejengwa juu ya mtu huyo. James McCroskey, aliyeanza kuandika juu ya hofu ya mawasiliano mwaka 1970, alitunga hojaji mashuhuri yenye kauli 24 zinazogusa hali nne: vikundi, mikutano, mazungumzo ya watu wawili na hotuba. Jumla ya alama huwa kati ya 24 na 120. Kwa sifa yake, hojaji hiyo inatenganisha hali, maana mtu anaweza kuogopa jukwaa asiogope kikundi. Isichouliza ni nani ameketi mbele ya msemaji. Kwa kijana wetu hilo ndilo swali lenyewe. Ukimweka mbele ya wanafunzi wenzake 15 utapata alama moja, ukimwongeza profesa mmoja kwenye chumba hichohicho utapata nyingine.

Juu ya hayo kuna lugha, na hapa mambo huchanganyika mpaka mwalimu mwenyewe asijue anapima nini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na kitengo cha stadi za mawasiliano tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na sababu kubwa ya kukianzisha ilikuwa Kiingereza cha wanafunzi kutotosheleza masomo. Vyuo vilivyofuata vilirithi mtazamo huo. Tume ya Makweta ilishapendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zifundishe kwa Kiswahili, serikali ikakataa mwaka uliofuata. Mwaka 1984 Criper na Dodd, waliotumwa na Waingereza kuchunguza hali, wakaripoti kwamba takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa na Kiingereza cha kuanzia kusomea masomo mengine. Mengi yamebadilika tangu hapo, lakini mpangilio wa somo ni uleule: hotuba ya kwanza kabisa ya mwanafunzi mbele ya hadhira ya chuo hutolewa kwa lugha yake ya tatu. Akikwama, nani atajua kama amekosa neno, amekosa hoja, au ameheshimu?

Naujua utetezi unaotolewa. Ajira inataka Kiingereza, na ukimpa mwanafunzi Kiswahili unamdekeza. Utetezi huu ulikuwa na uzito zaidi zamani. Bunge linajadili kwa Kiswahili. Mikutano ya kijiji ambayo sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 iliipa nguvu ya kuamua mambo ya wananchi ni ya Kiswahili. Na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama. Mhitimu wa sheria atakayemtetea mkulima wa Biharamulo mahakamani, afisa ugani atakayeeleza mnyauko wa migomba, muuguzi atakayefundisha kina mama kliniki, wote watahutubia kwa Kiswahili siku nyingi kuliko watakavyohutubia kwa Kiingereza. Na atakayehitaji Kiingereza atakijenga haraka zaidi akiwa ameshajua kupanga hoja. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikachapishwa mwaka 1963, alionyesha pia kwamba mabishano ya Brutus na Antonio mbele ya umati wa Roma yanasimama kwa Kiswahili bila msaada. Wanafunzi wakisoma hotuba hizo mbili kwa lugha wanayoimudu wataona wenyewe jinsi msemaji wa pili anavyoanza kwa kumkubali wa kwanza na kuishia kwa kumbomoa. Kijana wa Bisibo atasema mbinu hiyo anaijua, na atakuwa amesema kweli.

Kuna pingamizi la pili, zito kuliko hilo la ajira. Atatokea msomaji, na huenda akawa mwanamke, aseme kwamba adabu ninayoitetea ndiyo iliyomnyamazisha. Albert mwenyewe haifichi hali hiyo: wakati vijana wa kiume walifunzwa kusema, wasichana walifunzwa kunyamaza kwa ustadi, kukwepa maswali, na kusikiliza kwa makini ili wakumbuke kila neno. Nenda kwenye posa popote katika ukanda huo, au hata ng'ambo ya mpaka, uone nani anasimama kunena kwa niaba ya ukoo na nani anasikiliza kutoka jikoni. Mfumo unaompa mkubwa neno la kwanza ni mfumo unaompa neno la kwanza mtu yuleyule kila siku. Ukiongeza kwamba mkulima alilazimika kujifanya mjinga mbele ya mtawala, utaona kwamba kigugumizi cha heshima kilikuwa pia kodi iliyolipwa na wanyonge.

Nakubali yote hayo, na ndiyo maana sipendekezi somo liiache adabu hiyo kama ilivyo. Tofauti yangu na fomu ya kusahihishia ni hii: binti wa Bisibo akiambiwa hajiamini, atajilaumu nafsi yake, akiambiwa kwamba ananyamaza kwa kufuata kanuni yenye historia, iliyotungwa na watu kwa faida ya watu fulani, ataweza kuamua. Anayejua kanuni anaweza kuivunja kwa makusudi, tena mbele ya mhadhiri, na akirudi nyumbani kwa bibi yake akaishika tena bila kujiona mnafiki. Pia tusisahau kwamba alichofunzwa, kusikiliza na kukumbuka, ni nusu ya somo ambayo vyuo vyetu havifundishi kabisa. Darasani tunawapa alama wanaosema. Wanaosikiliza tunawaita hadhira na kuwaacha wacheze na simu.

Ngara ina sababu ya kulichukulia suala la usikilizaji kwa uzito zaidi kuliko wilaya nyingine. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya kaskazini magharibi mwa Rwanda, Léon Mugesera alihutubia mkutano wa chama tawala. Hakuwa mtu wa mitaani. Alikuwa msomi wa lugha mwenye shahada ya uzamivu kutoka Chuo Kikuu cha Laval nchini Kanada, na mhadhiri wa chuo kikuu. Kwa vigezo vya fomu yetu angepata alama zote: sauti, mpangilio, visa, kuikamata hadhira. Katika hotuba hiyo alizungumzia kuwarudisha Watutsi Ethiopia kwa njia ya Mto Nyabarongo, mto usiopitika kwa chombo mpaka huko. Waliosikia walielewa. Kanada, alikokimbilia baadaye, ilimrudisha Rwanda Januari 2012 baada ya kesi zilizofika hadi Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo, ambako mwaka 2005 majaji walilazimika kupima maneno yake na tafsiri zake moja baada ya jingine. Mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha.

Nyabarongo ndio unaokuja kuwa Kagera. Maji yake hupita chini ya daraja la Rusumo, mpakani mwa Ngara, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, yalipita na maiti hadi Ziwa Viktoria. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo takriban wakimbizi 250,000 walivuka Rusumo katika muda wa saa 24 hivi, wakajaza kambi ya Benaco. Wazee wa Ngara hawahitaji kusimuliwa.

Nimelileta tukio hili kwa sababu linaibana hoja yangu mwenyewe. Nimeisifu balagha ya kuzungusha, ya kusema jambo kwa kupitia jingine; Mugesera alizungusha, na mzunguko huo ulimpa nafasi ya kukana alichokisema. Usemi wa fumbo hauna usafi wa asili kwa kuwa tu ni wa kwetu. Wala usemi wa moja kwa moja hauna, kwani redio ya uchochezi ya Rwanda, RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, haikuhangaika sana na mafumbo. Kinachoweza kumkinga msikilizaji ni mazoea ya kuuliza: amesema nini hasa, ameacha nini, anataka nifanye nini nikitoka hapa? Mazoea hayo hufundishika. Hukumu ya kesi ya vyombo vya habari iliyotolewa na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda mwaka 2003 iliandikwa Arusha, katika nchi yetu, na inachambua maneno kwa kiwango ambacho mwalimu yeyote wa balagha angekionea wivu. Sijui kwa nini tunawafundisha vijana vipengele vya mawasiliano, mtumaji, ujumbe, njia, kelele, na kuiacha hukumu hiyo kwa wanasheria.

Ngara pia ilitoa jibu. Mwaka 1995 Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha huko Radio Kwizera, jina lenye maana ya tumaini, ikitangaza kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda miongoni mwa lugha nyingine kwa wakimbizi na wenyeji pamoja. Kipaza sauti kina sifa moja ambayo haijatajwa vya kutosha na walimu wa kuhutubia: hakina sura. Anayesema redioni hamwoni mkubwa wa kumwinamia wala mdogo wa kumkaripia, na msikilizaji aliye kambini hajui kama msemaji amesimama au ameketi. Hubaki sauti, mpangilio na ukweli wa taarifa. Kwa mtu aliyelelewa katika usemi wa vyeo, hiyo ni shule ya aina yake, na somo la utangulizi lingeweza kuiga kwa gharama ya simu ya mkononi: hotuba ya kwanza irekodiwe, isikilizwe bila kumwona msemaji.

Hapo nimeshaingia kwenye utekelezaji, ambako makala nyingi za namna hii huwa na haraka ya kutokea mlango wa nyuma. Kikwazo kinachotajwa kwanza ni idadi. Darasa la wanafunzi 300, kila mmoja dakika tano, ni dakika 1,500, yaani saa 25. Somo la saa mbili kwa wiki kwa wiki 15 lina saa 30. Toa muda wa watu kupanda na kushuka, hakuna kilichobaki cha kufundishia. Matokeo yake twayajua: wanafunzi huwekwa kwenye makundi ya kumi kumi, mwenye Kiingereza kizuri hutumwa kwenda kufanya hiyo prezentesheni, tisa husimama nyuma yake kama walinzi, na mtihani wa mwisho huuliza wataje sifa za mzungumzaji bora. Mtu anaweza kupata A ya kuhutubia bila kufungua kinywa.

Makundi ya watu 15 yakikaa kwa wakati mmoja, chini ya miti au kwenye vimbweta vilevile vya jioni, hesabu inageuka. Kundi moja humaliza mzunguko wa hotuba kwa saa moja na robo, na muhula unakuwa na nafasi ya mizunguko minne au mitano. Wanafunzi wa mwaka wa tatu waliofaulu somo wanaweza kuyasimamia. Mzunguko wa kwanza uwe kwa Kiswahili, na uwe wa kitu wanachokijua: kuposa, kuombea mtu msamaha, kutetea shamba mbele ya baraza la ardhi la kata. Wenzake waandike kanuni walizoziona: alianzaje, alimtaja nani, aliinama wapi. Mzunguko wa pili hotuba hiyohiyo ielekezwe kwa wageni wasiojua ukoo wake, na msemaji aeleze alichoondoa na kwa nini. Mzunguko mgumu ni ule wa kumpinga mhadhiri mwenyewe, kwa ushahidi, mhadhiri akiwapo. Huo wasichana waanze. Kiingereza kije baada ya hapo, juu ya hotuba ambazo tayari zina mifupa. Na katika kila mzunguko theluthi ya alama iende kwa msikilizaji atakayeweza kurudia hoja ya mwenzake kwa haki, na kuonyesha pale ilipovuja.

Wapo watakaosema alama haziwezi kutolewa chini ya mti. Barazani kwa jirani zetu Warundi mshingantahe, mzee msuluhishi, alipiga fimbo yake ardhini na shauri likakatwa, bila projekta.

Kwa wakuu wa idara watakaosoma makala hii nina ombi moja dogo, lisilosubiri mtaala mpya wala bajeti. Muhula ujao, siku ya hotuba, mhadhiri aondoke mstari wa mbele. Aiache fomu mezani, akaketi kiti cha nyuma kabisa kati ya wanafunzi, kisha amwite kijana wa Bisibo aseme.